Chapa Namba 17 Kati ya 60

Mama mkwe wangu ana bati la biskuti lenye barua kumi na tisa kutoka Marseille. Ziliandikwa na kaka yake, baharia, aliyepanda meli akiwa kijana na asirudi tena kukaa kwao. Ni za Kingazija kwa herufi za Kiarabu, siwezi kuzisoma. Kwa hiyo siku aliponishikisha lile bati, mwaka nilioolewa nikahamia Mikindani, macho yangu yalikwenda kwenye stempu. Bahasha tatu zilikuwa na jogoo. Jogoo yule amesimama kama mwenye ua wake, kifua mbele, manyoya yamechorwa mstari kwa mstari. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko mbegu ya mchicha, palikuwa na neno moja: DECARIS. Nilidhani ni jina la mji.

Wifi yangu, ambaye naye anaishi Marseille, ndiye aliyenieleza kwamba ni jina la mtu. Albert Decaris alizaliwa mwaka 1901 Sotteville-lès-Rouen, kaskazini mwa Ufaransa. Alisoma Paris, École Estienne, shule inayofundisha ufundi wa vitabu na uchapaji, na mwaka 1919, akiwa na miaka 18, alishinda Prix de Rome, tuzo iliyokuwa ikimpeleka msanii Roma akakae huko afanye kazi yake. Marianne, yule mwanamke anayeiwakilisha Jamhuri ya Ufaransa, wa stempu za mwaka 1960 ni wake. Jogoo wa mwaka 1962 ni wake. Alifariki mwaka 1988. Lakini stempu zilikuwa upande mmoja tu wa kazi yake. Upande mwingine ni mabamba makubwa ya shaba, na ndani yake majengo ya kale, pwani, milima, miti. Wifi alinitumia kwenye simu picha ya chapa moja, yaani karatasi iliyochapwa kutoka bamba la namna hiyo: mto, safu ya miti mirefu myembamba, na mbingu iliyojaa mawingu yanayojiviringisha kama moshi wa shamba linalochomwa. Usiku ule niliifungua ile picha mara nyingi mno.

Leo ninazo chapa tano. Nne ni nzima.

Kazi yangu ni karani wa ghala la korosho hapa Mtwara. Msimu ukifunguka, malori yanaingia kutoka vyama vya msingi, sisi tunapima, tunahesabu, tunaandika. Kila gunia lina uzito wake, kila shehena ina stakabadhi yake. Kabla ya kupokea tunachukua sampuli, tunapasua korosho moja moja kuangalia kiini, na tunapima unyevu. Korosho ikiingia mbichi, ghala zima linaweza kuharibika. Nayasema haya kwa sababu ndiyo yaliyonifundisha kukusanya chapa. Mtu anayeshinda kutwa anahesabu na kupima unyevu hawezi kuitazama karatasi yenye namba kwa macho mepesi.

Ya kwanza nilinunua kwa fedha ya mikorosho yangu mwenyewe, ile thelathini na kitu aliyoniachia marehemu baba huko Nanguruwe. Malipo ya mnada yalipoingia benki, nililipa ada ya shule, nikanunua mabati ya jiko, nikabakiwa na kiasi. Nikamwambia wifi atafute. Alizunguka majuma kadhaa kwenye masoko ya vitu vya zamani na kwa wauzaji wa karatasi na vitabu, akaipata kwa euro 45. Hakuituma kwa posta. Alikuja nayo likizo, imelazwa bapa kati ya mbao mbili nyembamba, chini ya nguo kwenye begi. Wifi yangu ni mtu wa kubeba amana. Aliponikabidhi alisema, "Wifi, sijaikunja hata kidogo, angalia mwenyewe."

Nikaangalia. Na hapa lazima nieleze inavyotengenezwa, maana watu wengi wanaofika sebuleni kwangu hudhani ni picha iliyochorwa kwa kalamu, au fotokopi.

Mchongaji wa namna hii huanza na bamba la shaba lililosuguliwa likang'aa. Mkononi ana burini: kipande cha chuma cha pua chenye pembe nne, ncha imekatwa mshazari, na mpini wa mbao wa duara unaokaa katikati ya kiganja. Haburuti kama penseli. Anasukuma. Chuma kinaingia kwenye shaba na kutoa uzi mwembamba wa shaba mbele yake, kama randa inavyotoa maranda. Akikandamiza zaidi, mstari unanenepa. Akilegeza, unakonda hadi kupotea. Akitaka kupinda, mkono wenye burini unatulia, mkono wa pili unalizungusha bamba juu ya mto mdogo wa ngozi. Kila wingu linalojiviringisha mle, bamba limezungushwa. Na yote anayafanya kinyume, kushoto kuwa kulia, kwa sababu karatasi itaonyesha kama kioo.

Kisha wino. Unapakwa bamba zima, unasukumwa uingie kwenye mifereji, halafu bamba linafutwa kwa kitambaa chenye matundu, na mwisho kwa kiganja, mpaka juu kubaki safi na wino ubaki ndani ya mistari tu. Karatasi inaloweshwa kwanza iwe laini. Inalazwa juu ya bamba, juu yake blanketi za sufu, vyote vinapitishwa kati ya roli mbili nzito za chuma. Nguvu ile inaisukuma karatasi ndani ya mifereji ikachote wino. Ndiyo maana mstari wa chapa halisi umeinuka. Ukipitisha ncha ya kidole taratibu sana unausikia. Na kuzunguka picha kuna bonde dogo la mraba, alama ya ukingo wa bamba lenyewe. Kwa kila karatasi, wino upya, kufuta upya, kupitisha upya.

Baba yangu mdogo ni mchongaji wa vinyago, amekaa na mpingo miaka arobaini. Nilipomwelezea burini alitaka kujua jambo moja tu: akikosea je? Nikamwambia shaba inaweza kukwanguliwa na kupigwa kutoka nyuma ili isawazike, lakini ni taabu. Akatikisa kichwa polepole, akasogea karibu na ule mto na miti, akakaa nao muda mrefu. Mtu aliyetumia maisha yake kuondoa kitu kisichorudishika anaona haraka kuliko sisi.

Chini ya picha, kwenye ukingo mweupe, kuna maandishi ya penseli. Kulia, sahihi. Kushoto, 17/60. Maana yake zilichapwa sitini, na hii imepewa namba kumi na saba. Haina maana kwamba ilikuwa ya kumi na saba kutoka mashineni. Karatasi hukaushwa, hupangwa, hutiwa namba baadaye. Zipo pia zinazoandikwa E.A., nakala za msanii mwenyewe, nje ya hesabu. Penseli hutumika kwa sababu haisambai kama wino na haipauki. Desturi hii ya kusaini kwa penseli na kuweka namba ilishika nguvu mwishoni mwa karne ya 19. Kabla ya hapo jina lilichongwa ndani ya bamba na basi.

Jambo lililonigusa zaidi nililijua baadaye. Wapo wachongaji wanaokwaruza shaba kwa sindano tu na kuacha makunyanzi ya shaba pembeni mwa mstari. Makunyanzi yale hulala baada ya makumi machache ya karatasi, na bamba limechoka. Hapo idadi ndogo inalazimishwa na shaba. Lakini bamba la burini lina mifereji ya kina, linaweza kutoa mamia ya nakala nzuri. Kwa hiyo 60 ni uamuzi. Mtu amekaa na bamba lenye uwezo wa kuendelea, akasema hapa basi. Mara nyingi bamba hukwaruzwa mkato baada ya hapo ili lisitumike tena. Ile namba ndogo ya penseli ni ahadi kwa watu sitini wasiojuana.

Sisemi kwamba chapa isiyo na sahihi haina thamani. Paris kuna Chalcographie du Louvre, iliyoanzishwa mwaka 1797, inayotunza maelfu ya mabamba ya zamani na kuyachapa hata leo, kwa mkono, na kuzigonga nakala zake muhuri usio na wino. Ni chapa halisi kutoka bamba halisi, ningetundika moja kwa furaha. Ila mchongaji wake hakuishika karatasi ile.

Kuna ya bandia nayo. Msimu uliofuata nilinunua mwenyewe kupitia intaneti kwa muuzaji mmoja, pwani yenye mashua, euro 70, nilikuwa na haraka. Ilipofika niliitoa kwenye bahasha, nikapitisha kidole. Tambarare kama kalenda. Nikachukua lenzi. Picha yote ilikuwa nukta, nukta ndogo ndogo zilizopangana kama picha ya gazeti, na sahihi nayo ilikuwa nukta. Ilikuwa picha ya chapa. Niliumia, maana euro 70 ni pesa. Tangu siku ile namwomba muuzaji picha tatu kabla sijalipa: ukingo wa bamba ukiwa umemulikwa kwa pembeni, mistari kwa karibu kabisa, na karatasi ikiwa mbele ya dirisha. Karatasi nzuri ya Kifaransa huwa na jina lake ndani, linaonekana mwanga ukipita. Mbili kati ya zangu zimeandikwa ARCHES, kijiji cha mashariki mwa Ufaransa ambako karatasi imetengenezwa tangu mwaka 1492. Muuzaji asiyetaka kutuma picha hizo, namwacha na mali yake. Ni kama kupasua korosho. Hakuna aliyewahi kuujua ubora kwa kutazama gunia.

Watu huniuliza kwa nini nitundike miti ya Ufaransa wakati minazi iko nje. Jibu langu ni kwamba zile chapa zimenibadilishia macho nikiwa hapa hapa. Maji yakitoka kwenye ghuba ya Mikindani alfajiri, mizizi ya mikoko inabaki wazi, na chini yake tope lina michirizi ya maji inayokonda, inayonenepa, inayopotea. Niliishi nayo miaka bila kuiona. Sasa naipita asubuhi nikienda kusubiri gari na nawaza: huu angeusukuma kwa nguvu, huu angeulegeza. Nilipokwenda Newala kwenye msiba, tukasimama ukingoni pale Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma likiwa chini na upande wa pili Msumbiji ukififia kwenye ukungu. Nilihesabu tabaka saba za kijivu, moja nyuma ya nyingine. Natamani kwa dhati nchi hii ichongwe kwenye shaba. Kusini hatukosi mikono. George Lilanga alitoka huku kwetu kusini, na alipokuwa Nyumba ya Sanaa Dar es Salaam alifanya chapa pia, siyo vinyago na rangi peke yake. Mashine zile za roli zikiletwa Mtwara, na kijana mmoja anayejua kunoa patasi akafundishwa burini, mimi nitakuwa wa kwanza kununua, namba yoyote atakayonipa.

Sasa unyevu.

Hapa kwetu kuanzia Desemba mvua zikikolea, ukuta unatoa jasho. Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, ya zamani, nzuri, lakini inavuta maji kama sifongo. Karatasi ya chapa ni ya pamba na inapenda unyevu. Inavimba, inajikunja, halafu inaanza kutoa vidoa vya rangi ya kutu. Nilijua hayo yote. Ninachofanya ni hivi: chapa zisizotundikwa zinakaa bapa ndani ya sanduku la bati, kati ya karatasi zisizo na asidi ambazo wifi huniletea, na pembeni naweka vile vipakiti vya chembe nyeupe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vikilowa navianika juani. Sanduku liko juu ya meza, mbali na ukuta. Salfa ya kupulizia mikorosho, ambayo zamani tuliiweka chumba hicho hicho, niliihamishia banda la nje.

Lakini 17/60 ilikuwa ukutani. Nilitaka kuiona kila siku. Niliipeleka kwa fundi fremu, na nililokosa ni kutokusimama pale akiifunga. Aliigandisha nyuma kwa gundi ya mbao juu ya ubao mwembamba, akapigilia misumari. Nilipoiona imekwisha, nikanyamaza. Nikaitundika, fremu imegusa ukuta, upande wa baharini.

Machi, masika yamepamba moto, nililala siku nyingi kwa dada yangu mjini kwa sababu barabara na kazi havikuniruhusu kurudi. Siku niliyorudi niliona kupitia kioo kwamba mawingu yamekuwa mengi kuliko nilivyoyaacha. Nikasogea. Hayakuwa mawingu. Nikaishika fremu kuishusha, na nyuma yake ukaja udongo, njia nzima ya mchwa kutoka kwenye ufa wa ukuta hadi katikati ya ubao. Walikuwa wamekula ubao, wamekula gundi, wakaendelea na karatasi. Mbingu yote ilikuwa imekwenda. Imebaki miti, kipande cha mto, na ule ukingo wa chini wenye penseli, 17/60 na sahihi, havikuguswa.

Nilikaa chini. Mume wangu aliniletea chai, ikapoa.

Nilimtumia wifi picha usiku. Hakujibu hadi asubuhi, kisha akatuma ujumbe wa sauti, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa: "Pole sana wifi. Basi zimebaki hamsini na tisa."

Maneno yale yalinikaa. Ghalani, gunia likipasuka, likilowa, likipungua hata kilo mbili, kuna mstari kwenye daftari: tarehe, sababu, sahihi ya aliyekuwapo. Hizi sitini hazina daftari. Nyingine huenda zimeungua, nyingine zimelowa kwenye vyumba vya chini huko kwao, nyingine ziko kwa wajukuu wasiojua ni kitu gani. Hakuna anayeandika. Nikachukua kaunta-buku jipya, nikaandika ukurasa wa kwanza, kwa kalamu: 17/60. Imeliwa na mchwa, Mikindani, Machi. Imebaki theluthi ya chini. Nikasaini. Kila chapa ninayoinunua sasa nina ukurasa wake: imetoka kwa nani, imefika lini, ina doa gani na wapi. Nikifa, atakayezirithi ataipokea na stakabadhi yake.

Zile nne nimezitengenezea fremu upya. Karatasi haigandishwi popote. Inashikiliwa kwa vipande viwili vidogo vya karatasi laini na gundi ya wanga niliyoipika mwenyewe, juu tu, ili iweze kupumua. Kati ya chapa na kioo kuna kadi nene yenye dirisha. Nyuma ya fremu kuna vizibo vinne vya chupa ili hewa ipite, na zimetundikwa ukuta wa ndani. Kila Ijumaa nazishusha, naangalia nyuma.

Kile kipande kilichobaki sikukitia fremu. Kinakaa kwenye jalada, na ndicho ninachokitoa mgeni akija, kwa sababu zile nne hazishikwi na hiki kinashikwa. Watoto wa jirani wamekishika, nimewafundisha kunawa na kukausha mikono kwanza. Baba mdogo amekishika.

Mama mkwe alikuwa wa mwisho. Macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho miaka mingi sasa, barua za kaka yake tunamshikisha tu, anazikunja na kuzirudisha kwenye bati. Lakini maisha yake yote alikuwa akisuka ukili, na vidole vyake havijazeeka. Alasiri moja barazani nilimwekea kile kipande mapajani, juu ya kanga safi. Nikamwambia, "Mama, huyu ndiye aliyemchora yule jogoo wa barua za mjomba."

Hakusema kitu. Alianza pembeni, akakuta lile bonde dogo la ukingo wa bamba. "Hapa pana ukuta," alisema. Nikasema ndiyo. Akaingia ndani polepole, ncha ya kidole cha shahada, akafika kwenye miti, mahali mistari inapokatana na kukatana tena hadi kuwa giza. Akasimama pale. "Hapa pamesukwa."

"Ndiyo mama. Ni kivuli cha miti."

Akapanda juu, akafika palipoliwa, kidole kikaanguka kwenye kanga. "Na hapa?"

"Palikuwa na mbingu. Mchwa wamekula."

"Jina lake liko wapi?"

Nikamshika kidole nikakipeleka chini, juu ya penseli. Akapapasa mara mbili, mara tatu, kwenda na kurudi. "Hapa hapana kitu, mwanangu," alisema, na kidole chake kikarudi kwenye miti.